Ukipewa Barua, Usijifiche

Mazungumzo na wafanyakazi waliopunguzwa kwenye miradi ya afya, Iringa, 2025

Kamwene, ndugu zangu. Shikamooni wazee wetu mliopo.

Nimeombwa nizungumzie kutafuta kazi baada ya kupunguzwa. Nikitazama ukumbi huu naona manesi, makarani wa data, madereva, wahasibu, waelimishaji rika, walinzi. Naona na wakuu wa miradi ambao mwaka jana ndio mliokuwa mnasaini likizo za hawa wengine. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa rasilimali watu kwenye miradi ya huku Nyanda za Juu Kusini, na baadhi yenu niliwafanyia usaili mimi mwenyewe. Mwaka huu barua nyingi za kuachisha kazi zilipita mikononi mwangu, na yangu ikafuata. Kwa hiyo nitakayosema nimeyaona nikiwa natoa barua na nikiwa napokea.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichotupata, maana kuna watu humu wanalala usiku wakijiuliza walikosea wapi. Hamkukosea. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisaini agizo la kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Ijumaa ya tarehe 24 ikaja amri ya kusitisha kazi hata kwa miradi iliyokuwa katikati ya utekelezaji. Baadhi ya huduma za VVU zilipewa ruhusa maalumu ya kuendelea, na ndiyo maana barua zetu zilikuja kwa awamu. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, mikataba ipatayo 5,200. Tarehe 1 Julai shirika lenyewe, lililokuwepo tangu 1961, likafungwa rasmi na kilichobaki kikahamia wizarani kwao. Hayo yaliamuliwa na watu ambao hawajui kama kuna mahali panaitwa Kilolo. Hawakusoma tathmini yako ya utendaji.

Lakini ukubwa wa pigo hapa kwetu una sababu yake. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wazima nchi nzima. Njombe ikawa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kwa hiyo mashirika yalijaa huku, na vijana wetu wakasomea kozi zinazoendana na mashirika. Zamani mradi ukiisha ulihamia kwa jirani, jirani naye akiisha unarudi. Safari hii jirani naye ana barua mkononi.

Taarifa za serikali zinasema uchumi wa nchi ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024, na sibishani nazo. Ukuaji huo uko kwenye ujenzi, madini, mabenki, mawasiliano. Mshahara wa mwelimishaji rika wa Makambako haumo humo. Kwetu sisi soko limeporomoka, tuseme ukweli. Na ninasikia maneno kwenye magrupu kwamba kuna mradi mkubwa unakuja, tuvumilie, Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria utajaza pengo. Mfuko wa Dunia nao mwaka huu umepunguza fedha za miradi iliyokwisha kuidhinishwa. Ukija mradi, tutafurahi wote. Lakini kupanga maisha ya watoto kwa kungoja tangazo ambalo halijaandikwa, hapana, siwashauri.

Sasa niingie kwenye kilichonileta. Kuna jambo nimeliona likiwaumiza watu kuliko barua yenyewe, nalo ni kujificha.

Kuna kaka mmoja alikuwa ofisa ufuatiliaji na tathmini, hayupo hapa na sitamtaja. Alipopewa barua hakumwambia mke wake. Kila asubuhi alioga, akachomekea, akabeba begi la kompyuta na kushuka Miyomboni. Alikaa mgahawani na chai moja na chapati mpaka saa sita, akahamia maktaba, jioni akarudi nyumbani akisema kazini kumechosha. Akiba ikawa inatoka kimya kimya: ada ya shule ileile ya zamani, king'amuzi, mshahara wa dada wa kazi, mchango wa harusi ya binamu aliouahidi akiwa bado na mshahara. Mke wake alikuja kujua kwa mtu wa pembeni. Alipotulia, kilichomuuma zaidi kilikuwa hiki: kaka yake yeye ni mhasibu kwenye kiwanda cha mbao Mafinga, na kiwanda kile kilikuwa kimetafuta mtu wa kutunza takwimu za uzalishaji. Walishampata mwingine. Alimwambia mumewe, "Ungeniambia, si ningemwambia kaka?"

Nafasi ile haikutangazwa popote. Ilikuwa mezani kwa shemeji yake, na hakuijua kwa sababu shemeji hakujua kama anatafuta. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeona maana yake mwaka huu kuliko miaka yote.

Kwa hiyo kama humu kuna ambaye nyumbani bado hawajui, leo ndiyo siku. Kaeni na mwenzako baada ya watoto kulala, leta daftari, andikeni kilichopo na kinachotoka kila mwezi. Usianze na hotuba ya matumaini. Anza na tarakimu: tuna kiasi hiki, kodi inaisha mwezi fulani, ada muhula ujao ni kiasi hiki. Mwanamke au mwanamume aliyeambiwa ukweli na akaonyeshwa daftari anakuwa mwenzako wa kutafuta. Aliyefichwa anakuwa mtu wa pili wa kumwogopa. Watoto wakubwa nao waambieni, kwa maneno yanayowafaa. Mtoto wa kidato cha pili anajua kabisa kama baba haendi kazini.

Mwenye nyumba mfuate kabla kodi haijaisha. Najua inachoma kumwambia mtu uliyekuwa unamlipa miezi sita kwa mkupuo kwamba sasa unaomba ulipe mwezi mmoja mmoja. Lakini mama mwenye nyumba aliyefuatwa na kuamkiwa na kuelezwa mapema mara nyingi anasikiliza, kwa sababu naye hataki nyumba ikae tupu na dalali ale hela yake. Anayekimbiwa getini, akipiga simu haipokelewi, huyo ndiye anayeleta kufuli. Vivyo hivyo kwenye vikoba, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa: kasimame kwenye kikao useme hisa zangu zitapungua. Wenzako wa kikoba ni watu wa kwanza kusikia nani anahitaji msaidizi dukani.

Mahali pa hatari kubwa kwa mtu anayejificha ni mikopo. Kwa kuwa hataki kumkopa ndugu asije akajulikana, anaingia kwenye simu saa tano usiku, anabonyeza, hela inaingia kwa dakika chache. Siku ya kulipa ikipita, mkopeshaji anawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu ya huyo aliyekopa: mchungaji, mkwe, bosi wa zamani. Ile siri aliyoilipia riba inatangazwa na mwingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni yake. Na ile ya mtaani inayoitwa kausha damu haihitaji maelezo, jina linajitosheleza. Ukiwa huna kipato, mkopo wa kula ni shimo. Uza friji kwanza. Nasema hivi nikijua friji lilinunuliwa kwa jasho.

Tuje kwenye karatasi, maana hapa muda unahesabiwa.

Kuna barua moja naomba msiisaini: barua ya kujiuzulu uliyoandikiwa na mtu mwingine. Unaitwa ofisini, unaambiwa kwa upole kwamba kwa heshima yako ni bora ionekane umeacha mwenyewe, karatasi imeshachapwa, inangoja sahihi tu. Nimeshuhudia watu wenye shahada mbili wakisaini, kwa sababu waliona aibu kuitwa walioachishwa. Ukisaini, umekubali kwamba umeondoka kwa hiari. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari, na kwenye usuluhishi utaanza kwa kueleza unalalamikia nini wakati uliomba mwenyewe kuondoka. Omba barua inayosema ukweli: umepunguzwa kwa sababu mradi umekosa fedha. Hakuna aibu ndani ya maneno hayo, na mwajiri mpya akiyasoma ataelewa kwa sekunde moja.

Kupunguzwa kuna utaratibu wake kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38. Mwajiri anapofikiria kupunguza anatakiwa atoe taarifa mapema, aeleze sababu, ashauriane na wafanyakazi au chama chao: kuna njia gani ya kuepuka, nani watakaoguswa na kwa kigezo gani, lini, na watalipwa nini. Mfadhili kukata fedha ghafla ni sababu ya kweli. Kwa ninavyoisoma sheria, bado haimwondolei mwajiri wajibu wa kukaa na watu wake.

Malipo nayo yana majina yake. Siku ulizofanya kazi. Likizo ambayo hukuichukua. Notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, au fedha yake. Kiinua mgongo kwa aliyetimiza miezi 12 mfululizo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Halafu kuna mbili zinazosahaulika kila mara. Ya kwanza ni cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anatakiwa akupe. Kichukue sasa, ofisi ikiwa bado ina mtu na muhuri, kwa sababu miradi ikifungwa kabisa utamtafuta nani? Ya pili ni usafiri. Kama uliajiriwa Dar es Salaam ukapangiwa Ludewa, mwajiri anawajibika kukurudisha na mizigo yako au kukulipa, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku unazosubiri.

Wenye mikataba ya mwaka mwaka mnasema, sisi mkataba uliisha tu. Inategemea. Uliofika tarehe yake na kuisha hauna kile kiinua mgongo. Uliokatwa katikati ni habari nyingine. Na kama umekuwa ukiongezewa kila Oktoba, na ulikuwa na sababu ya kweli ya kutegemea kuongezewa tena, sheria inaweza kuhesabu kutoongezewa kuwa ni kuachishwa kazi. Mpelekee anayejua auone. Usijihukumu mwenyewe sebuleni.

Nawageukia waelimishaji rika na wote mlioambiwa nyinyi ni wa kujitolea, mnalipwa posho tu. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, kifungu cha 61, haitazami jina ulilopewa, inatazama ulivyofanya kazi. Moja ya vigezo ni kama umemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Vingine ni kama ulikuwa chini ya maelekezo yake, ukitumia vifaa vyake, ukimtegemea kwa kipato. Wengi wenu mlikuwa mnatembea nyumba kwa nyumba kuanzia asubuhi, na daftari la mahudhurio mlisaini kila siku. Sisemi kila mmoja atashinda. Nasema msijiondoe kwenye foleni kabla hamjaulizwa.

Ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 tu tangu kuachishwa kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine, kama mishahara na posho ambazo hazikulipwa, yana siku 60. Unajaza fomu namba moja, unampa mwajiri nakala yake, unaipeleka ofisi ya CMA ya mkoa. Hakuna ada. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopita ulikuwa wapi. Siku 30 zinaisha ukiwa bado unapokea pole, ukiwa bado hutaki kuonekana mjini. Ndiyo maana nasema kujificha kuna gharama ya shilingi.

NSSF: kwa aliyechangia miezi 18 na zaidi na akaachishwa bila hiari yake, fao la kukosa ajira ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi sita. Mwenye mshahara wa 900,000 anapata karibu 300,000. Haitoshi maisha ya zamani, lakini ni unga, umeme na nauli ya kutafutia. Ambao hamjafika miezi 18 nanyi mna utaratibu wenu, kaulizeni dirishani. Ombeni pia taarifa ya michango mwezi kwa mwezi. Ukikuta mwezi ulikatwa kwenye hati ya mshahara lakini NSSF haupo, useme sasa hivi, fedha za mradi zikiwa bado zinafungwa kwenye vitabu.

Sasa kutafuta kazi kwenyewe.

Ajira za umma ziombeni. Fungueni akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, hakikisheni namba ya NIDA na majina ya vyeti yanasomana herufi kwa herufi, na mjue matangazo mengi yanataka mtu asiyezidi miaka 45. Lakini mjue na uzito wa foleni. Mwanzoni mwa mwaka huu Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na zaidi ya watu 135,000 wakaomba. Ni karibu watu 85 kwa kila kiti kimoja. Ukikosa pale hujashindwa na mtu, umeshindwa na hesabu. Omba, kisha toka nje uendelee.

Niwaambie jinsi nafasi zilivyokuwa zikijazwa nilipokuwa upande wa kuajiri, hasa zile za kati na za chini. Kabla tangazo halijaandikwa, bosi anauliza ofisini, mnamjua mtu? Dereva anasema, yupo mmoja wa ule mradi uliofungwa, hanywi pombe na gari analitunza. Huyo anaitwa. Wengine wanaita hiyo kujuana, kwa dharau. Kuna kujuana kuchafu, kwa hongo na kwa kumpa kazi asiyeiweza, nakuchukia na nimegombana na watu kwa ajili yake. Lakini mtu kusema kweli kuhusu kazi aliyokuona ukiifanya ni ushahidi, na mwajiri mwenye fedha kidogo anautaka kuliko cheti. Sasa yule dereva akutaje vipi kama umebadilisha namba ya simu na hata msibani huonekani?

Waandikieni watu. Simaanishi kuweka kwenye stetasi "naombeni koneksheni". Hiyo inasomwa na wote na haijibiwi na mtu. Mwandikie mmoja mmoja, kwa jina lake, kwa heshima yake. Hivi kwa mfano:

"Shikamoo Mama. Ni mimi karani wa data tuliyekuwa pamoja kituo cha afya mpaka mwaka juzi. Mradi wetu umefungwa. Natafuta kazi ya kutunza kumbukumbu, stoo au mapokezi, hapa mjini au Mafinga, na naweza kuanza mara moja. Naomba unielekeze, CV yangu niipeleke kwa nani?"

Angalieni ujumbe huo ulivyo. Umesema wewe ni nani, unatafuta nini hasa, wapi, lini. Na hujamwomba kazi, kwa sababu kazi pengine hana na ataona aibu kukujibu hana. Umemwomba maelekezo. Maelekezo kila mtu anayo. Akikuelekeza kwa mtu, nenda, na jioni mrudie umwambie umefika. Aliyerudishiwa jibu atakukumbuka mara ya pili.

CV nazo. Nimesoma nyingi sana za watu wa miradi, na zina ugonjwa mmoja: zinaongea lugha ya mradi. Meneja wa kiwanda cha chai Mufindi hajui viashiria vyako wala CTC2, zile kumbukumbu zetu za wateja wa VVU, ni mnyama gani. Karani anaandika, "Nilihusika na data za CTC2 na ripoti za robo mwaka." Yule meneja anapita. Andika: "Nilitunza kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya elfu moja kwenye kompyuta na kwenye mafaili, nilikagua kila siku kama vinalingana, nilifuatilia waliokosa tarehe zao, nilitoa ripoti ya kila mwezi bila kuchelewa." Hapo anaona mtu wa stoo yake, mtu wa kuhesabu majani yanayoingia na masanduku yanayotoka. Kazi ni ileile uliyoifanya, umeieleza kwa lugha anayoielewa mwenye nayo.

Na tutazame pale mkoa ulipo na shughuli. Wanunuzi wa parachichi wa Njombe wanaouza nje wanahitaji watu wa kukaa na vikundi vya wakulima, kuandika dawa gani ilipigwa lini, kwa sababu soko la Ulaya linadai kumbukumbu. Mwelimishaji rika aliyezoea kubisha hodi kwa watu wasiotaka siri zao zisikike, akakaribishwa ndani na akarudi tena wiki inayofuata, kazi hiyo anaiweza kuliko kijana aliyemaliza chuo juzi. Hilo nalisema kwa uhakika. Madereva, mmeendesha Land Cruiser kwenye matope ya masika bila kulaza gari njiani, na tuko kwenye lango la Hifadhi ya Ruaha. Kampuni za utalii zinatafuta mtu wa namna hiyo, ila atataka leseni yenye daraja la abiria na Kiingereza cha kumsalimia mgeni. Wahasibu mliozoea wakaguzi wa wafadhili, SACCOS na hospitali za misheni zinawahitaji. Hazitawalipa kama zamani.

Hapo kwenye mshahara ndipo wengi wanakwama, nami nakaa hapo kidogo. Mshahara wa mradi ulikuwa mkubwa kuliko wa soko la hapa, na tuliuzoea mpaka tukaona ndiyo thamani yetu. Nesi anaambiwa zahanati binafsi inatoa chini ya nusu ya alichokuwa anapata, anakataa, anakaa nyumbani mwaka mzima akingoja. Simlaumu. Lakini kwa miaka niliyokaa kwenye usaili, mtu aliye kazini, hata kazi ndogo, alikuwa na habari mpya ya kueleza, mikono yake ilikuwa bado ya moto, na kulikuwa na mtu wa kumpigia simu wiki ileile kumuulizia. Aliyekaa pembeni muda mrefu alilazimika kwanza kueleza ukimya. Chukua ile ndogo kama inalipa nauli na inabakiza. Kama haibakizi, hapo ni kweli bora ukatae.

Mafao yakitoka, msiyazike. Huku kwetu kila mtu atakwambia panda parachichi, panda miti. Ni vizuri. Ila mche wa parachichi uliopandikizwa unaanza kukupa mzigo wa maana mwaka wa tatu na kuendelea, na paini inangoja miaka 15 na zaidi. Fedha ya kula mwaka huu haiwezi kungoja huko. Anayetaka biashara aanze ndogo, ya kitu anachokijua. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, haina riba, inatolewa zaidi kwa vikundi. Ina mzunguko na inachosha, lakini haikaushi damu.

Na yeyote atakayewaambia mtume hela ya fomu, ya usaili au ya vipimo ili mpate kazi, iwe Dodoma au Oman, huyo hana kazi ya kuwapa.

Nina neno moja kwa baadhi yenu, na mnajijua. Kuna waliokuwa wanahudumia kliniki ya tiba na matunzo ya VVU huku wenyewe wakichukua dawa palepale. Sasa kurudi kukaa kwenye benchi la wateja, mbele ya wale uliokuwa unawaita kwa namba, ni kugumu. Nimeambiwa kuna waliokwisha kuruka tarehe. Ndugu zangu, nendeni. Kama kituo kile hakikaliki, ombeni uhamisho wa kliniki, ni haki yenu. Kazi tutaitafuta wote, mkiwa wazima.

Muda umekwenda. Meza ya kulia wamekaa wanasheria waliojitolea, meza ya kushoto tunasoma CV. Wenye barua ambazo hazijatimiza siku 30 pitieni kulia kwanza, na mkataba wenu na hati za mshahara. Aliyeziacha nyumbani apige simu zipigwe picha, zitumwe. Fomu za CMA zipo, kalamu zipo. Wengine mkiwa mnasubiri, mgeukie mwenzako wa upande wako, mwambie ulikuwa unafanya nini na unatafuta nini. Mkabadilishane namba.